Kibali cha Bunduki Hakivuki Mto

  

Jioni hii tuzungumze juu ya bunduki yenye kibali. Simzungumzii mwasi wa msituni wala jambazi wa usiku. Namzungumzia raia mwema: mfanyabiashara wa mbao, mwenye malori, mnunuzi wa kahawa, mtu aliyeomba polisi kwa njia ya halali, akachunguzwa, akaruhusiwa kumiliki bastola na kupewa karatasi yake. Mtu huyu akivuka mpaka, je, kibali chake kinavuka naye?

Jibu ni hapana. Kibali alichopewa Uganda kinaishia kwenye mto Lhubiriha, mpakani na Kongo. Akifika upande wa pili na bastola ile ile, risasi zile zile na karatasi ile ile, anahesabiwa kuwa mtu mwenye silaha haramu, isipokuwa kama ameomba ruhusa ya Kongo na kuipata kabla ya kuvuka. Vivyo hivyo kwa Mkongo anayekuja huku. Mimi naamini kwamba mpaka huo ni wa haki na unafaa ubaki. Lakini naamini pia kwamba kipo kitu kilichopaswa kuvuka mto huu siku nyingi, nacho kinavuka kwa kuchechemea mno. Kitu hicho ni taarifa: taarifa za bunduki, namba zake, mwenyewe ni nani na yuko wapi. Hayo mawili ndiyo nitakayoyaeleza.

Tuanze na mahali tulipo. Pale Kikorongo, barabara kuu inayotoka Mbarara kwenda Kasese na Fort Portal inatoa tawi la magharibi. Tawi hilo linakwenda takriban kilomita 40, linapita Kinyamaseke na Bwera, linafika Mpondwe, mkabala na Kasindi ya Kongo. Malori yanashuka na shehena za Kongo, yanarudi na mbao na kahawa. Na watu wa pande mbili ni damu moja. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Beni wanasikilizana kwa lugha, wanaoana na wanazikana. Msiba ukitokea Kasindi, Bwera wanakesha. Mpaka ulichorwa na wakoloni katikati ya koo zilizokuwapo tayari.

Tena siku hizi tumo katika jumuiya moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2022, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Tangu 2010 Jumuiya hii ina itifaki ya soko la pamoja, inayosema bidhaa, watu, kazi na mitaji viende kwa uhuru. Kwa hiyo hatushangai tukisikia watu wakiuliza: kama kahawa yangu inavuka, fedha yangu inavuka na mimi mwenyewe navuka, kwa nini bastola yangu ya kujilinda ibaki nyuma, wakati hatari yenyewe iko huko mbele?

Swali hili nalichukua kwa uzito wote, kwa sababu hapa petu halikutoka hewani. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliivamia Mpondwe kutoka Kongo, na vita ile ikaisumbua milima ya Rwenzori kwa miaka. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliingia tena, wakaishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Waliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini, na wengine waliteketea kwa moto. Hakuna mzazi wa Bwera anayehitaji kukumbushwa. Baada ya usiku kama ule, mtu akisema anataka silaha mkononi mwake, haifai kumjibu kwa dharau. Anastahili kupewa hoja.

Basi tuipime hoja. Na kwa kuwa mara nyingi watu husema, "Mbona Marekani kila mtu anatembea na bunduki yake?" hebu tutazame huko kwanza, maana habari inayotufikia huwa ni nusu.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake ya kubeba bastola iliyofichwa ndani ya nguo au mkobani. Jimbo la Vermont halijawahi kumdai raia wake kibali cha kubeba. Illinois ndilo lililokuwa la mwisho kuruhusu ubebaji wa namna hiyo, mwaka 2013. Kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yameondoa sharti la kibali kwa watu wazima wanaoruhusiwa kumiliki silaha. Majimbo yaliyobaki yanadai kibali, na baadhi yake ni makali sana. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi iliyotoka New York, ikasema jimbo haliwezi kumtaka raia athibitishe kwamba ana haja ya pekee ndipo aruhusiwe kubeba. Hata hivyo, vibali vyenyewe vikabaki.

Sasa, Mmarekani mwenye kibali cha jimbo lake akiingia jimbo jingine inakuwaje? Inategemea makubaliano. Jimbo hili linakubali vibali vya majimbo yale, linakataa vya mengine. Jimbo lile linakubali vya wote. Jingine halikubali cha yeyote. Leseni ya udereva inaheshimiwa nchi nzima, ya bunduki haiheshimiwi hivyo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa barabarani katika jimbo jirani la New Jersey. Alimwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola garini na kibali chake hiki hapa. Alikamatwa. Alikabiliwa na kifungo cha miaka, mpaka gavana wa New Jersey, Chris Christie, alipomsamehe mwaka 2015. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuyalazimisha majimbo yote yatambue vibali vya wenzao. Haukupita katika Seneti, na haukuwa sheria.

Wasikilizaji, lizingatieni hili. Hiyo ni nchi moja, yenye katiba moja, rais mmoja na jeshi moja, ambayo katiba yake inaitaja haki ya raia kushika silaha. Na bado kibali cha jirani hakivuki kirahisi. Sisi ni nchi kadhaa. Uganda inafuata Sheria ya Silaha ya 1970. Kenya ina sheria yake na bodi maalumu ya leseni za silaha. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Kongo inafuata sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, ya enzi za Mobutu. Masharti hayalingani, mamlaka hazilingani, adhabu hazilingani. Karatasi ya upande mmoja haina namna ya kusomeka upande wa pili kana kwamba ni yao.

Lakini kutolingana kwa sheria si sababu kubwa kuliko zote. Sheria zinaweza kulinganishwa kama viongozi wakitaka. Sababu kubwa ni jinsi kibali chenyewe kinavyozaliwa.

Nchini Uganda mtu akitaka bunduki haanzii dukani, anaanzia kijijini. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aseme anamjua. Vyombo vya usalama vya wilaya vitoe maoni yao. Apimwe kama akili yake ni timamu. Afundishwe kushika silaha na kuitunza. Mwisho wa safari hiyo ndipo Inspekta Jenerali wa Polisi, ambaye kisheria ndiye mtoa leseni mkuu, anaruhusu au anakataa. Na kibali kikitoka kinataja mtu mmoja na bunduki moja yenye namba yake. Hakirithiwi na mtoto, hakiazimwi na shemeji. Kukutwa na bunduki bila kibali ni kosa ambalo sheria hiyo ya 1970 imeliwekea kifungo hadi miaka 10.

Nyote mnaojua vikundi vya kuweka na kukopa mtanielewa. Ukitaka mkopo unaleta mdhamini, na mdhamini ana maana kwa sababu kikundi kinamjua yeye, naye anakujua wewe: anajua hasira zako, ulevi wako, ugomvi wako na ndugu zako juu ya shamba. Kibali cha bunduki ni udhamini wa jinsi hiyo. Kijiji kizima kimesema, "Huyu tunamjua, hatatupiga risasi." Ukienda nacho Butembo, wa Butembo hawakuwahi kuulizwa. Yule mama anayeuza ndizi sokoni pale hakusema kwamba anakubali ukae karibu naye na bastola kiunoni. Haki ya kuulizwa ni yake kama ilivyokuwa ya jirani yako wa Bwera. Hiyo ndiyo sababu naona mto unakikomesha kibali kwa haki.

Na hata kabla ya mto, kibali kina mipaka yake hapa hapa nyumbani. Barabara inayopita Kikorongo inapita katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambayo ilianzishwa 1952. Sheria ya wanyamapori ya 2019 inakataza kuingia na silaha katika hifadhi bila idhini ya wasimamizi wake. Mwenye bastola halali akiacha barabara na kujiingilia porini nayo, asidhani karatasi ya polisi itamwokoa mbele ya askari wa hifadhi. Kila mahali pana mwenyewe, na mwenyewe huulizwa.

Jambo jingine ambalo watu wetu hawalizingatii ni kwamba kibali hakivuki mpaka, ila kosa linavuka. Nitatoa mifano mitatu, wa zamani mmoja na wa karibuni miwili.

Alikuwapo mtu anaitwa Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland. Alikuja Afrika Mashariki kama mtu wa misheni, akaacha misheni akawa mfanyabiashara wa misafara, akaoa katika ukoo wa kitawala wa Wanyamwezi. Aliuza pembe, aliuza bunduki, na aliwahi kuwafanyia kazi Wajerumani. Katika eneo la Wajerumani alikuwa mtu wa heshima zake. Mwishoni mwa 1894 msafara wake uliingia Ituri, katika nchi iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ofisa wa Kibelgiji, Lothaire, akamkamata kwa tuhuma za kuwauzia silaha wapinzani wa dola ile, akamhukumu mara moja, na Januari 1895 akamnyonga bila kumpa nafasi ya kukata rufaa. Uingereza na Ujerumani zilikasirika, Leopold akalipa fidia, lakini Lothaire aliposhtakiwa aliachiwa huru. Stokes alijulikana na kila mkubwa wa upande huu, na kujulikana huko hakukumfaa kitu upande ule. Aliyokuwa akiyafanya huku kama biashara, kule yalimfikisha kitanzini.

Mfano wa pili ni wa Karamoja. Wafugaji wa Turkana, Wakenya, wamekuwa wakivuka na mifugo yao kutafuta malisho na maji Uganda tangu enzi za mababu. Wengi hutembea na bunduki kwa kuogopa wezi wa mifugo, na Kenya yenyewe huwapa baadhi ya watu wa vijiji hivyo silaha kama polisi wa akiba. Tarehe 12 Septemba 2019, Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walikutana Moroto, wakashuhudia makubaliano ya amani na maendeleo ya mpaka ule. Malisho yakawa na mapatano. Bunduki hazikuwa nayo. Aprili 2023 wafugaji 32 wa Turkana walikamatwa wilayani Moroto wakiwa na silaha, wakapelekwa katika mahakama ya kijeshi, wakahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mwezi uliofuata Rais Museveni akatoa amri ya kiutendaji: Waturkana waje na ng'ombe bila bunduki. Miaka 20, wasikilizaji. Mtu aliondoka kwao kutafuta majani ya ng'ombe.

Mfano wa tatu mnaujua. Novemba 2024 Dakta Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa Nairobi, na siku chache baadaye akafikishwa katika mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala. Miongoni mwa mashtaka kulikuwa na kumiliki bastola na risasi, na mahali palipotajwa ni nje ya Uganda. Aliyakana. Sitaingia katika siasa ya kesi hiyo. Nataka muone tu kwamba mtu anaweza kushtakiwa Kampala kwa silaha inayodaiwa kukutwa Nairobi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema si halali kikatiba mahakama za kijeshi kuwahukumu raia, na kesi ile ikahamishiwa mahakama ya kiraia. Kabla mwaka haujafika mbali, Bunge likapitisha sheria mpya iliyorudisha njia ya kuwapeleka baadhi ya raia mbele ya majaji wa kijeshi, na silaha ni moja ya sababu zilizotajwa.

Ng'ambo yetu hali ni kali vilevile. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya kuzingirwa. Wanajeshi ndio wanaotawala majimbo hayo, na mahakama za kijeshi zilipewa makosa mengi ya raia. Tangu Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yanaendesha pamoja operesheni Shujaa dhidi ya ADF. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Bwera akikutwa na bastola kwenye kizuizi kati ya Kasindi na Beni, askari aliyepoteza wenzake wiki iliyopita hataanza kwa kusoma karatasi iliyoandikwa Kampala. Atamwona mtu mwenye silaha katika nchi ya vita. Bastola aliyoibeba imlinde inaweza kuwa ndiyo itakayomwangamiza.

Najua mtu wa Bwera atanijibu hivi: "Sawa, mzee, lakini wale walioingia Lhubiriha hawakuwa na kibali cha nchi yoyote. Mnatunyang'anya sisi wenye karatasi, wao wanapita njia za panya." Maneno haya ni kweli, na hakuna sheria ya vibali itakayomzuia muuaji aliyekwisha kuazimia. Lakini fikirini pamoja nami. Tukikubali kwamba kila mwenye kibali avuke na silaha yake kwenda na kurudi, askari wa mpakani atamtambuaje mwenye nia mbaya? Leo bunduki mikononi mwa raia anayevuka mto ni ishara tosha ya kumsimamisha. Siku itakapokuwa jambo la kawaida, ishara hiyo itafutika, na atakayefaidika ni yule yule anayetafuta njia ya kupita. Bastola moja ya mfanyabiashara haitalizuia kundi lenye bunduki za kivita. Ila bastola hizo zikizoeleka, zitalifungulia njia.

Na tusisahau kwamba silaha halali nazo huua. Mei 2023 waziri wa nchi wa kazi, Charles Engola, aliuawa na mlinzi wake mwenyewe, askari aliyepewa bunduki na dola ili amlinde. Katika wilaya yetu ya Kasese, Novemba 2016, majeshi ya serikali yalipoivamia ikulu ya ufalme wa Rwenzururu, watu zaidi ya 100 walikufa, na kabla ya hapo askari polisi nao walikuwa wameuawa. Nasema hivi kwa sababu hatuwezi kumwambia raia peke yake aogope bunduki. Serikali nayo ina wajibu wa kuzihesabu za kwake, kumjua aliyezishika na kumwajibisha anayezitumia vibaya. Heshima ya sheria ya silaha inaanzia kwa yule mwenye silaha nyingi zaidi.

Basi kama kibali hakivuki, nini kivuke? Nimesema taarifa. Na msingi wake upo, hatuanzi patupu.

Mwezi Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana mjini Nairobi kuhusu tatizo la silaha ndogo. Tarehe 21 Aprili 2004 zikatia saini Itifaki ya Nairobi, ambayo ilianza kufanya kazi Mei 2006. Uganda imo, Kongo imo, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi zimo. Mwaka 2005 kikaundwa chombo cha kuisimamia, RECSA, chenye makao yake Nairobi. Itifaki hiyo inasema raia wasimiliki kabisa silaha za kivita wala bunduki za kufyatua mfululizo. Inasema kila silaha ipigwe chapa na iandikwe katika daftari la taifa. Inasema nchi zisaidiane kufuatilia silaha inapotoka na inapokwenda. Uganda yenyewe, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa Juni 2018, iliagizwa na rais kuzichukulia bunduki zote alama za utambuzi, ili ganda la risasi likiokotwa ijulikane limetoka katika mtutu upi.

Kazi iliyobaki ni kuyafikisha hayo Mpondwe na Kasindi. Polisi wa pande mbili wawe na njia ya kuulizana siku ile ile: bunduki hii yenye namba hii ni ya nani, iliripotiwa kuibwa, mwenyewe alifutiwa kibali? Mtu aliyenyang'anywa kibali Uganda kwa kumpiga mkewe asije akaomba kipya Kongo kana kwamba hana historia. Bunduki iliyopotea katika kituo cha Kongo isije ikauzwa Kinyamaseke kama jembe. Hilo ndilo linaloweza kumlinda mtoto wa shule. Bunge la Afrika Mashariki lina wawakilishi wetu. Hili ndilo la kuwaagiza.

Na tuwaulize viongozi kuhusu barabara. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi wa Kongo walizindua pale Mpondwe mradi wa kujenga kilomita 223 za barabara ndani ya Kongo, zikiwamo 80 za kutoka Kasindi hadi Beni. Miaka miwili kamili baadaye, tarehe ile ile, ndipo shule ya Lhubiriha ilipochomwa. Mfanyabiashara anaomba bastola kwa sababu njia inamtisha. Mpeni njia pana yenye doria ya uhakika, mpeni misafara inayosindikizwa, mpeni njia rahisi ya kutuma fedha kwa simu toka Bwera hadi Butembo ili asifunge mamilioni kiunoni, na wengi wataona bastola ni mzigo.

Kwako wewe msikilizaji mwenye kibali, nina maneno matatu. Kabla hujavuka, nenda kituo cha polisi ukaulize utaiacha wapi silaha yako kihalali. Usiiache kwa jamaa wala kwa mwenye duka wa Mpondwe, kwani naye hana kibali cha kuishika na utamfunga. Silaha ikipotea, toa taarifa siku hiyo hiyo, hata ukiona aibu. Na usikubali kumvushia mtu mzigo ambao hukuufunga mwenyewe, hata akiwa mjomba wako.

Kwako uliyebakiwa na bunduki ya vita vya zamani, gobore la babu au ile iliyofukiwa shambani, naisema historia yetu wenyewe. Agosti 1982 Charles Mumbere, kiongozi wa Rwenzururu, akiwa bado kijana, alishuka kutoka milimani na wapiganaji wa Rwenzururu wakasalimisha silaha zao, baada ya miaka 20 ya mapambano. Walikuwa na madai, na madai hayakufa kwa kuziweka chini bunduki. Ufalme wao ulitambuliwa na serikali mwaka 2009, nao haukupatikana kwa mtutu. Waliofanya vile walikuwa baba zetu. Nanyi, wakuu wa usalama mnaonisikia, mwekeeni mtu wa namna hiyo mlango salama: ailete mbele ya mwenyekiti wa kijiji, padri au shehe, aandikiwe, arudi nyumbani bila pingu. Mtu akijua kwamba anayesalimisha hupigwa, ataifukia zaidi.

Lugha hii tunayozungumza, wazee wengi wa Uganda waliisikia kwanza kwenye vizuizi, kutoka kwa mtu aliyewaelekezea bunduki. Sasa tunaitumia kuelewana Bwera na Beni, sokoni na msibani, na tuitumie pia kuwadai viongozi wetu haki hii: kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki iendelee kufungulia watu na mali zao, iendelee kufungia bunduki, na iwape polisi wa Mpondwe na Kasindi daftari moja wanaloweza kulisoma wote wawili. Diwani wako akija kuomba kura, mbunge wako akija kwenye mazishi, muulize amefanya nini juu ya daftari hilo. Usiridhike na jibu la jumla. Muulize tarehe.